Tulimupigia papa makofi

Leo tumemupigia papa yangu, baba muzazi, makofi, na mpaka sasa nasikia haya.

Kule Masisi, kabla vita itukimbize, alikuwa muwindaji wa swala. Siku ya kunifundisha, alinipa bunduki, nikajua iko na risasi. Kumbe alishaitosha, bunduki iko tupu! Kuvuta tu, bega yangu ikaruka bure.

Akacheka: "Unaogopa teke ya bunduki, vile inarudi kupiga bega. Ukiruka kabla ikupige, risasi inapita kando ya nyama."

Yeye hakuruka hata siku moja.

Sasa leo, hapa Ndosho kwenye tulikimbilia, majirani wakamuomba aonyeshe vile alikuwa analenga. Akakamata fagio, akaiweka kwa bega, akatulia kabisa.

Pale pale fundi wa jirani akaangusha manjanja, bati ya kuezekea, toka juu ya nyumba. Paa, kama bunduki!

Papa akaruka. Fagio ikaanguka chini.

Sisi wote, makofi na kicheko! Tulifikiri anaonyesha teke.

Akaokota fagio pole pole. Akaniangalia mimi tu.

"Mwanangu, leo hata bunduki haikukuwa, na nimeruka."

Niambieni, wapenzi. Mutu anajibu nini?