Mkono wa Kumpigia Awowe Kura

Baba yangu alikuwa ameshasoma fatiha kabla binti yangu hajajua kwamba kulikuwa na mkutano. Kwa msomaji wa mbali nieleze kidogo. Kwetu Balambala kura za mchujo wa chama hazianzii kwenye sanduku. Wazee wa ukoo hukaa, hunywa chai ya maziwa ya ngamia, hubishana mpaka sauti zikauke, na wakishakubaliana juu ya mtu huinua mikono na kumsomea fatiha. Kwa hesabu yao uchaguzi umekwisha hapo. Siku ya kura ni ya kumalizia tu, kama kufunga zizi mbuzi wakishaingia.

Safari hii walimsomea Mheshimiwa, aliyewahi kukikalia kiti cha eneo letu na sasa alikitaka tena. Baba aliongoza dua. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, nasi tulichoka kumbembeleza apasuliwe, lakini sauti yake ilikuwa nzima na barazani walimtegemea. Alirudi nyumbani amefurahi, akaomba chai, akatutangazia kwamba nyumba hii yote iko na Mheshimiwa.

Binti yangu ndiye aliyekuwa akimimina hiyo chai. Anasomea uuguzi chuoni Garissa na siku hizo alikuwa likizo. Akaweka chupa chini.

"Awowe, mimi sikuwepo," alisema. Awowe ni babu. Hivyo ndivyo tunavyowaita.

"Mikono yangu ilikuwepo."

"Mikono yako ni yako, Awowe."

Nilimfinya. Nilimfinya kwelikweli, pale juu ya kiwiko, na sijutii. Nyumbani twasema Kisomali, na haya ninayoyaandika nimeyageuza mwenyewe, maana kufundisha Kiswahili ndiyo kazi yangu katika shule ya msingi ya hapa hapa. Lakini katika lugha yoyote unayoijua, babu hajibiwi hivyo. Baba alinyoosha mkono akatafuta kikombe, akakikuta hakina chai, akakirudisha mkekani.

Nilijua kinachomuuma. Barazani mtu huhesabiwa kwa neno lake, na neno lake hupimwa kwa nyumba yake. Mzee ambaye hata wajukuu hawamfuati anasikilizwa kwa adabu tu, kisha mambo yanaamuliwa na wengine. Baba hakuwa na ngamia wengi tena, wala macho. Kile kiti cha barazani ndicho kilichobaki, na binti yangu alikuwa amekishika mguu mmoja.

Basi nikamvuta msichana jikoni nimuulize. Vijana wenzake walikuwa na mtu wao wa kushindana na Mheshimiwa, wakimwita Kijana, ingawa huyo Kijana ana mvi na watoto wanne. Nilidhani nimeshajua sababu: simu. Nilidhani ni zile video zao, miziki, fulana. Nikamwambia hivyo, na maneno mengine ya kuongezea, kwa sababu nikianza huwa sikomi.

Akaningoja nimalize. Halafu akaniuliza kama naijua gari ya wagonjwa ya zahanati yetu.

Naijua, nani asiijue? Ina king'ora na picha ya hilali ubavuni, na haijawahi kulala Balambala. Jirani yetu alijifungua njiani, ndani ya lori la mchanga, na binti yangu ndiye aliyempokea mtoto kwa mikono yake, mwaka wake wa kwanza chuoni.

"Tulimuuliza Mheshimiwa mara tatu gari iko wapi," alisema. "Mara ya kwanza akatuambia tuwasalimie wazee. Ya pili akasema inakuja, inshallah. Ya tatu akatupa soda. Hooyo, mama yangu, huyo mtu anatubeba ufala."

Nikamwambia kama ni kutuona wajinga aseme hivyo, Sheng yake aiache Garissa. Kijana je?

"Kijana tulimuuliza mara moja. Alisema, 'Sijui.'"

Nikangoja. Nilifikiri kuna maneno yanafuata.

"Alisema hajui, Hooyo. Mbele ya watu. Akasema tumpe mpaka Ijumaa. Ijumaa akarudi, akatuambia gari ni nzima ila dereva alihamishwa na mafuta yake hayana mtu wa kuyatia sahihi. Hakutuahidi chochote. Lakini alirudi."

Jibu lenyewe halikuwa hata tamu, nilimwambia. Akakubali kwamba halikuwa. Lakini uso wake uling'aa alipolisema, na mimi mama yake nikaona kwamba hapa hakuna muziki wala fulana. Nilimpenda sana pale jikoni, na mikono yangu ikiwa na unga wa mikate ya anjera sikuweza hata kumshika. Nilimwambia tu asije akamuaibisha babu yake. Alisema kura ni siri. Nikamwambia hapa Balambala hata mimba ya ngamia si siri.

Na kweli haikuwa siri. Wazee wenziwe walianza kumtania baba: kwako kuna vyama viwili, mzee, unalala upande gani? Alicheka nao. Akirudi nyumbani hakucheka. Kwa majuma kadhaa yeye na mjukuu wake walisalimiana vizuri mno, kama wageni, na aliyepata taabu ni mimi niliyekaa katikati nikipitisha sukari.

Siku ya kura ikafika. Kituo kilikuwa shuleni petu, katika darasa langu. Sheria inamruhusu asiyeona aingie na mtu wa kumshikia kalamu, na mtu huyo hula kiapo kwamba ataweka alama pale anapoambiwa. Hilo halikuwa na mjadala: ni mimi. Nilivaa viatu vyangu vizuri. Kaka yangu naye alikuwa amejitayarisha, kwani ni mtu wa Mheshimiwa mpaka kwenye mifupa, na alijua wazee watatazama nani ameingia na nani.

Karani alikuwa mtu wa bara, hajui Kisomali, akamuuliza baba kwa Kiswahili anasaidiwa na nani. Baba akaisimamisha ile fimbo yake.

"Mtoto ya mtoto yangu," alisema. "Ile msichana. Yeye ndiyo atabiga kura yangu."

Foleni nzima ilisikia. Kaka alianza kusema kitu kwa Kisomali, na si kitu cha kuandika. Mzee mmoja wa baraza akasogea, akamnong'oneza baba kwa sauti ambayo sote tuliisikia: huyu ni wa upande ule, atakuwekea alama kwa Kijana na hutajua mpaka siku ya kiyama.

"Kwa hiyo nimchukue anayekubaliana na mimi?" baba alijibu. "Huyo atakuwa anajipigia mwenyewe."

Halafu akanyoosha mkono hewani, si upande wangu. Binti yangu alikuwa nyuma kabisa na wenzake. Alikuja mbio, mtandio umemteleza, akaushika ule mkono. Niliona aibu kwa ajili ya viatu vyangu. Nilikuwa na wivu pia, nisidanganye.

Mlango ulikuwa wazi nami nikaona migongo yao nyuma ya kadibodi, kando ya ubao wangu wa ngeli. Binti yangu alimwegemea sikioni. Alimsomea majina yote, moja baada ya jingine, na kwenye moja baba akaitikia kwa kichwa. Mkono wa msichana ulikaa juu ya karatasi muda mrefu kuliko inavyohitajika kuweka alama moja. Kisha ukashuka. Alimwongoza baba mpaka sandukuni, akamwekea karatasi kwenye vidole, akamwachia aitumbukize mwenyewe. Akamtoa nje, akarudi kwenye foleni kupiga yake.

Hakuna aliyemuuliza aliweka wapi. Hakukuwa na haja. Aliporudi nyumbani uso ulimwambia kila mtu.

Mheshimiwa alishinda. Si kwa kura nyingi. Kwa jinsi vijana walivyojitokeza, wazee wenyewe walishtuka. Habari zilipofika binti yangu alikuwa anaosha vyombo uani. Aliendelea kuosha sufuria moja ile ile na machozi yakimtiririka. Nilikaa naye chini, nikamwambia kura moja haikubadili kitu. Akasema anajua, na ndiyo anayoililia, kwa sababu ilikuwa mkononi mwake na angeweza kuigeuza. Baba alikuwa mkekani kwenye kivuli cha ukuta, na masikio yake hayana ukungu.

Juma lililofuata Mheshimiwa alikuja kuwashukuru wazee, na safari hii walikaa kwetu, heshima kubwa kwa baba. Mikeka ilijaa. Mimi nilisimama mlangoni nikihakikisha halua inatosha. Binti yangu aliingia na chupa ya chai, macho chini, adabu tele. Baba aliwatambua watu kwa hatua zao siku hizo. Alimkatiza Mheshimiwa katikati ya shukrani.

"Naa, msichana, weka chupa chini," alisema. "Kaa hapa karibu yangu."

Msichana alikuwa hajawahi kukaa mikekani na wazee hata siku moja maishani mwake. Alinitazama. Nikamwinulia nyusi: kaa.

"Mheshimiwa," baba alisema, "kura yangu unayoishukuru, mkono ulioipiga ni huu. Mwenyewe alikuwa hakutaki. Sasa ana swali."

Binti yangu aliuliza gari ya wagonjwa inalala wapi. Sauti ilimtoka ndogo, lakini ilitoka. Mheshimiwa alikohoa, akamshukuru Mungu, akaanza na barabara, akapita kwenye mvua, akafika Nairobi.

"Hujui?" baba aliuliza.

Wazee wakatazama mikeka.

"Sijui, mzee," Mheshimiwa alisema.

"Haye. Basi rudi Ijumaa umwambie."

Chai ilikuwa bado haijamiminwa, na mwenye kuimimina alikuwa amekaa. Niliingia nikaichukua ile chupa mwenyewe, nikaanza na kikombe cha binti yangu.