Mkwe Wangu Aliyekwenda Ulaya Kutembea

Jean-Bosco, mume wa binti yangu Immaculée, anatengeneza mashine za kahawa. Si hizi ndogo za nyumbani. Ni zile kubwa za mikahawa, zenye mabomba na mvuke. Alipofika Durban kutoka Uvira alikuwa akilinda magari mbele ya maduka, amevaa fulana ya njano inayong'aa. Mwenye ghala moja la mashine hizo, mtaa wa Clairwood, alimchukua afagie. Akafagia huku anaangalia mafundi, na baada ya miaka minne alikuwa anafungua mashine na kuzifunga bila kuuliza mtu.

Sikumpenda upesi. Ni mtu wa maneno machache, na kwa heshima ya ukwe haniangalii machoni. Mimi sikusoma sana, lakini macho ya watu nayajua kuyasoma. Kwake nilikosa pa kusoma.

Mwaka 2013 bosi wake alimwambia atampeleka Italia, mji wa Bologna, akajifunze mashine mpya siku tatu. Na kwa kuwa alikuwa ametimiza miaka minane kazini, amchukue na mke wake, waongeze siku tano za kutembea tu, wauone mji. Viza zilitoka. Mtoto wao Laetitia, wa miaka minne, angebaki na mimi hapa Glenwood, katika nyumba tunayokaa wote.

Sisi Wakongomani wa Durban tunajua mtu akienda Ulaya inakuwaje. Anaagwa, anafika, na baada ya mwezi anapiga simu kwa namba mpya. Mtoto aliyeachwa atatumiwa tiketi siku moja, au hatatumiwa. Hakuna anayepanda ndege ile ili akaangalie kuta za zamani.

Jumapili kabla ya safari mchungaji aliwaita mbele, akawawekea mikono. "Bwana, wafungulie mlango huo, wasitazame nyuma." Kanisa zima likasema amina. Mimi nilifumba macho nikaomba kinyume chake. Nilimwomba Mungu anirudishie mtoto wangu. Sijui alifanya nini na maombi mawili yaliyogombana katika kanisa moja.

Tukitoka, jirani yangu Mama Yvette alinishika mkono. "Mama Immaculée, ile frigo yao utaitumia?"

"Wanarudi tarehe kumi na sita."

"Ndiyo, ndiyo. Lakini wasiporudi, usisahau nani aliuliza wa kwanza."

Nilianza kuchunguza. Wakati wa kufunga mizigo nilimwona Immaculée akitia vyeti vyake vya shule kwenye begi.

"Vya nini hivyo?"

"Ubalozi uliviomba, Maman. Viko kwenye bahasha moja na karatasi zingine."

Walipoondoka nilihesabu viatu vilivyobaki.

Siku ya pili Josias, anayefanya kazi na Jean-Bosco, alibisha hodi. "Mama, nimekuja kuchukua sanduku la vyombo vya kazi. Jean-Bosco amesema sasa ni langu."

Mtu anaweza kuacha kitanda, anaweza kuacha frigo. Fundi anayegawa vyombo vyake amekwisha kuhama.

"Sijui limewekwa wapi," nikasema.

"Mama, ninaliona. Liko pale nyuma yako."

"Hilo si lenyewe."

"Limeandikwa jina lake."

"Josias, nenda nyumbani."

Alikwenda, anatikisa kichwa. Nikalisukuma sanduku chini ya kitanda changu.

Picha zikaanza kuja kwenye simu. Mji ule una njia za kupita watu chini ya matao, mtaa baada ya mtaa, hata mvua ikinyesha mtu anatembea mkavu. Katikati kuna minara miwili mirefu ya matofali, na mmoja umeinama kama mlevi anayetafuta ukuta. Mimi sikuangalia minara. Niliangalia kama wamenunua masanduku mapya, na nani yuko nyuma yao. Katika picha ya siku ya tano niliona mkono wa mwanamume kwenye bega la Jean-Bosco. Nikapiga simu.

"Ni Léonidas, Maman, mtu wa Uvira," alisema Immaculée. "Tulimsikia anaongea Kiswahili chini ya matao, tukamsalimia. Sasa anatutembeza."

"Ana nyumba?"

"Ana nyumba."

"Vyumba vingapi?"

Immaculée akacheka. Mimi sikucheka. Usiku huo na uliofuata nililala na Laetitia, nimeshika mguu wake.

Siku ya saba simu ililia mchana, ninamsuka mtoto. Ilikuwa namba ya Immaculée, lakini sauti ya mwanamume.

"Mama, samahani. Ni mimi Léonidas. Nimemwomba binti yako simu."

"Wako wapi?"

"Wako hapa, wanakula. Nilitaka tu kuongea na mama wa kwetu. Wangu alikufa nikiwa huku. Karatasi hazikuwa tayari, sikwenda kumzika. Sasa ni miaka kumi na moja."

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mtu huyu. Nikamuuliza, "Umekula, mwanangu?"

"Nimekula, Mama." Halafu akasema, "Nisikufiche. Nimewaambia wabaki. Nina chumba. Nilimwambia Jean-Bosco, fundi kama wewe huku hakosi kazi."

"Akasema nini?"

"Alinyamaza. Unajua vile iko."

"Ninajua."

"Tulikuwa juu ya ule mnara uliosimama wima, ngazi karibu mia tano, mke wake amekaa anatafuta pumzi. Nikafikiri, huyu anakubali. Halafu akaniambia: kule nyumbani iko mama mmoja, kila jioni anasimama dirishani mpaka niingie, ndipo anakaa. Nisiporudi atasimama mpaka lini?"

Miaka yote ile nilisimama nyuma ya pazia, nikidhani sionekani.

"Mkwe wako kichwa ngumu, Mama," alisema Léonidas.

"Sana," nikasema, na machozi yakawa yanaangukia nywele za mtoto.

Tuliwapokea uwanja wa ndege Jumapili, tarehe kumi na sita Juni, na masanduku yaleyale mawili. Laetitia aliwakimbilia. Mimi nilibaki nimeshika kizuizi cha chuma. Kule alikojifunza, Jean-Bosco alipewa vyombo vipya. Alijua mapema kwamba atapewa, ndiyo maana vya zamani alimwachia Josias. Nililitoa sanduku chini ya kitanda, na Josias alipokuja nilimpa na chai.

Jumatatu ilikuwa sikukuu. Wamama watatu wa kwaya walikuja na sufuria ya maharage iliyofunikwa kitambaa, kama watu wanaokwenda kwenye matanga. Walikaa, wakapumua.

"Poleni sana," alisema mkubwa wao. "Waliwakamatia wapi? Uwanja wa ndege?"

"Hakuna aliyetukamata, Mama," alisema Jean-Bosco. "Siku zetu ziliisha."

"Usione haya, baba. Mungu atafungua tena."

"Tulitembea tu. Iko mnara umeinama pale miaka mia tisa."

"Na watu wanalala chini yake?"

"Wanalala."

Wakatazamana. Mmoja akanigeukia, akanishika goti. "Mama Immaculée, jipe moyo."

"Nimejipa," nikasema.

Walipoondoka tulifunua sufuria. Maharage yalikuwa yamepikwa na mawese, kama ya nyumbani. Tulikula wanne, tukamaliza, na Laetitia akafuta sufuria kwa mkate.