Mirija Miwili Kwenye Uji

Wiki iliyopita, kwenye benchi la hospitali moja ya Ngara, mzee mwenye saratani ya koo alikataa uji wa mkewe. “Nimekuwa mtoto?”

Jirani yake benchini, mkimbizi wa kambi ya Lukole aliyekwisha kutibiwa ugonjwa huohuo, akachomeka mirija miwili kikombeni, akainamia mmoja kama tunavyouinamia mtungi wa pombe ya ndizi tukinywa pamoja.

“Shikamoo mzee. Utaniacha ninywe peke yangu?”

Huku kwetu, kumwacha mwenzako anywe mtungi peke yake ni kumtukana. Mzee akainama, akavuta taratibu, akameza.

Muuguzi, akidhani ni pombe, akaja mbio kukemea walevi. Mke akamwinulia kiganja: “Waache, dada. Tangu Jumapili hajameza kitu.”

Mikutano ya ujirani mwema na wakimbizi nimehudhuria mingi. Huu ndio wa kwanza kuisha kikombe kikiwa kitupu.