Kikombe cha Mjukuu

Bibi Povu alikuwa amekamua miaka mingi hata akilala vidole vyake vilikuwa vikikunjika vyenyewe. Jina hilo alipewa na majirani, kwa kuwa kila alfajiri alitoka bandani na ndoo imejaa povu hadi ukingoni, naye akijigamba kuwa hilo ni povu la ng'ombe mwenye raha. Mume alishatangulia mbele ya haki, binti yake alikuwa mbali kikazi. Nyumbani walibaki watatu: yeye, mjukuu wake wa kike, na Malkia, ng'ombe mweusi mwenye maringo kama bibi harusi.

Maziwa ya kuuza aliyachemsha. Si kwamba aliogopa ugonjwa. Aliogopa yasije yakaharibika kabla hayajafika kwa mwenye mgahawa, mama mmoja ambaye ulimi wake ulikata kuliko visu vyake. Ya mjukuu hayakupita jikoni kabisa. Aliyakamulia moja kwa moja kwenye kikombe cha bati chenye maua, akamsimamia mtoto hadi ayamalize yangali na joto la kiwele. Bibi alifundishwa na mama yake kuwa moto unaua nguvu ya maziwa, na mjukuu hakuwa mteja hata apewe maziwa yaliyokufa. Yeye mwenyewe alikunywa chai ya rangi, ili yatoshe.

Kisha uvimbe ukaota shingoni mwa mtoto, chini ya sikio. Bibi akaukanda kwa maji moto, akasema ni meno. Ukakua, ukapata na wenzake. Mtoto akakonda, jioni mwili ukawa unachemka, na bibi kwa kumwona anadhoofu akawa anakijaza kikombe mara mbili.

Hospitalini walitoa majimaji kwenye uvimbe kwa sindano, wakapima, wakamwambia ni kifua kikuu. Bibi alikataa, mtoto hajakohoa hata mara moja. Daktari, ambaye macho yake yalikuwa yamechoka kama ya bibi, akamweleza taratibu kwamba ugonjwa huo haukai kifuani tu, na kwamba ng'ombe nao wanao na huupitisha kwenye maziwa mabichi. Akauliza kama nyumbani wanachemsha.

"Ya wateja ndiyo nachemsha," bibi akasema.

Bwana mifugo akaja, akamdunga Malkia sindano ya kipimo shingoni, akarudi baada ya siku tatu kupapasa kama pamevimba, maana uvimbe ndio dalili ya ugonjwa. Bibi alimbishia sana: ng'ombe anakula, anang'aa, hana hata mafua. Bwana mifugo hakubishana. Alisema wengi huonekana hivyo hivyo, wazima kwa nje.

"Weka mkono hapa, mama," akamwambia.

Vidole vya bibi vililijua lile donge mara moja, lilikuwa kama la shingoni mwa mtoto. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki yeye alikifuga, akakiimbia, akakipa jina la kifalme. Malkia alichukuliwa kwenda kuchinjwa, na bibi hakulia. Alikuwa amechoka mno. Alifagia banda lisilo na ng'ombe, akakaa kwenye kigoda chake cha kukamulia hadi jua likamfikia miguuni.

Naye alipimwa. Hakukutwa na kitu, chai ya rangi ilimwokoa, na hilo lilimuuma kuliko yote. Heri ugonjwa ungempata yeye.

Dawa za mtoto zilikuwa za miezi mingi. Kila asubuhi bibi alimhimiza avimeze vidonge, na siku nyingine walichoka wote wawili wakakaa wakitazamana. Maziwa sasa alinunua kwa jirani, akayachemsha hadi yapande, akayateremsha, akayarudisha tena motoni. Alipoyamimina kwenye kile kikombe chenye maua, mtoto akaonja, akakisukuma.

"Bibi, haya siyo yangu. Haya ya wateja."

Bibi akakirudisha mbele yake kwa mikono miwili.

"Ndiyo, mama. Ya wateja ndiyo yaliyokuwa mazuri. Kunywa."