Kiuno cha Paskalina

Mwaka wa tatu tangu Manyara iwe mkoa, Mwalimu Erica, mgeni kutoka Morogoro, alianza kufundisha wasichana karate katika ukumbi wa kanisa pale Gitting. Paskalina alijiandikisha wa kwanza. Dada yake mkubwa, Efrazia, alicheka. Tangu utotoni yeye ndiye aliyesifiwa uzuri, Paskalina aliitwa "yule mnene."

Wasichana walipopelekwa zahanati kupimwa, Efrazia aliwasindikiza, naye kwa utani akapanda kwenye mizani na kupimwa kiuno na mkono kama wenzake, nesi akaandika yote daftarini.

Miezi minne baadaye utani ulikwisha. Sketi ya Paskalina ilimteremka kiunoni mpaka akaibana kwa pini, huku gauni la Jumapili likimbana mabegani. Alibeba ndoo ya viazi kutoka shambani bila kutua njiani. Wanawake bombani wakawa wanamuuliza siri yake. Efrazia, aliyesimama kando na ndoo yake, hakuulizwa chochote.

Usiku huo hakula. Kesho yake alikunywa chai kavu, jioni akasema ameshiba kwa jirani. Akaendelea hivyo wiki saba, na kila nguo ilipomlegea alifurahi, kisha akamwona mdogo wake akipita na furaha ikamtoka.

Siku ya kupalilia maharage, jembe lilimponyoka Efrazia, akaanguka. Mama yao, Imakulata, alipiga kelele. Paskalina akambeba dada yake mgongoni mpaka zahanati. Hata katika kizunguzungu kile Efrazia aliusikia mgongo ule ulivyokuwa mgumu na mtulivu, akauchukia.

Nesi Severina alipomtundikia maji na kuona amepata nafuu, aliwapima wote wawili, akafungua daftari lake.

"Paskalina amepungua kilo moja."

"Moja tu?" Efrazia aliinuka kitandani. "Na mimi?"

"Saba."

Efrazia akatabasamu. Nesi akachukua utepe, akawapima kiuno na mkono.

"Usifurahi. Mwenzio kiuno kimepungua, mkono umenenepa. Mafuta yametoka, misuli imeingia, ndiyo maana mizani haioni kitu. Wewe umepoteza mafuta na misuli pamoja. Tazama mkono wako."

Efrazia aliutazama. Ulikuwa kama wa mgonjwa.

"Kwani yeye anakula nini?"

"Anakula kuliko wewe," mama alijibu kwa hasira. "Maharage, mayai, maziwa. Huoni sufuria?"

Paskalina alisema taratibu, "Dada, nilidhani unaumwa. Ungeniambia."

"Nikuambie nini? Kwamba nakuonea wivu?"

Paskalina akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mimi nimekuonea wivu wewe tangu darasa la kwanza," alisema. "Sikujua kama na wewe unaweza."

Efrazia alirudi kula. Alipopata nguvu, aliingia ukumbini na kusimama mstari wa nyuma, pamoja na watoto wa shule waliomzidi kwa kila kitu. Mwaka uliofuata walikwenda Babati kwenye mashindano. Yeye alishinda pambano moja, akatolewa katika la pili. Paskalina alifika fainali, akashinda.

Ukumbi ulipolipuka kwa vifijo, Efrazia alisikia wivu ule wa zamani ukimrudia. Akasimama, akapiga makofi mpaka viganja vikamwasha.