Pima Mbili za Mikono Yangu

Fundi alitoa tepu mfukoni, akaivuta kidogo, akairudisha. Akaniangalia kwa jicho la uchokozi. "Sasa leo tunapima kwa tepu, au kwa mikono yako?"

Jamani, nilicheka mpaka nikashika mti wa uzio. Tulikuwa tumesimama kwenye kiwanja chetu cha Mlabani, hapa Ifakara, mimi na yeye, na bodaboda zinapita zikitupigia honi. Nimerudi nyumbani baada ya miaka mingi nijenge duka la kazi za mikono: mikeka, vikapu, nyungo, vyungu, vitu vyote vile ninavyovipenda. Na fundi niliyemwita ni yule yule aliyenijengea duka la kwanza miaka ya tisini, wakati yeye kijana mwenye baiskeli na panga, na mimi mtoto wa miaka tisa mwenye kiherehere cha watu wazima watatu. Sasa ana mvi na miwani iliyofungwa kamba. Lakini hajasahau. Na wewe, rafiki yangu, usipoijua habari ya duka lile la kwanza hutaelewa kwa nini mtu mzima na akili zangu nilisimama pale nikicheka na machozi yakinitoka. Basi kaa, nikusimulie.

Bibi yangu, mama wa baba, ndiye aliyenilea. Kazi yake ilikuwa mikeka. Kiangazi tulikwenda mtoni kukata ukindu, tukauanika uani mpaka ukawa mweupe, tukauchana, kisha bibi akaupika na rangi kwenye sufuria kuukuu: zambarau, kijani, waridi. Ile harufu ya ukindu unaotokota na moshi wa kuni mbichi naikumbuka mpaka leo, nikiisikia mahali popote naona njaa, maana mara nyingi jiko la pili lilikuwa na wali wa mchele mpya na kambale mkavu. Ukindu ukishakauka, bibi anausuka kuwa ukili, ule utepe mrefu, siku nzima vidole vinakwenda na mdomo unakwenda. Halafu anachukua shazia, ile sindano yake kubwa, anaziunganisha kili kwa kili mpaka mkeka unakamilika.

Shida ilikuwa goti. Goti la kulia la bibi lilikuwa na ugomvi naye, na masika yakiingia ugomvi unakuwa vita. Kila Jumamosi tulitoka na mikeka kichwani kwake na vikapu kichwani kwangu, tukazunguka mitaa mpaka sokoni, bibi akisimama kila nyumba tatu, akijifanya anasalimia watu kumbe anapumzisha goti. Shikamoo zilikuwa nyingi siku hizo! Jioni nilimkanda kwa maji ya moto na chumvi, na yeye analalamika kwamba mikono yangu ni ya mchuma mboga, haina nguvu.

Ndipo ikaja barua ya baba. Baba alikuwa na kazi Kidatu, na aliandika kwamba mwezi wa kwanza atakuja kunichukua nikasome huko. Bibi aliniambia nimsomee mara mbili. Akasema, "Vizuri." Akaendelea kusuka. Mimi roho iliniuma, lakini si kwa sababu ya kuondoka tu. Niliwaza, Jumamosi nani atabeba vikapu? Nani atasimama naye kila nyumba tatu? Nikaamua palepale, mbele ya sufuria ya rangi, kwamba kabla mwezi wa kwanza haujafika bibi yangu awe na duka. Akae chini, wateja ndio waje.

"Duka?" bibi aliuliza. "Kibanda, unataka kusema."

"Si kibanda, bibi. Ni duka."

"Haya, tajiri. Mke mwenzangu kawa tajiri, na mimi niko humu humu uani sikuambiwa!"

Alinitania hivyo wiki nzima. Lakini ya pili ikafika, tuko shambani tunaamia ndege, mpunga umeanza kuinama, mimi nimepanda juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia mpunga, na debe langu la kupiga, nikamsikia kutoka chini anauliza kwa sauti ya mtu asiyejali, "Hivi nyungo mtazitundika wapi, huko dukani kwenu?"

Basi hapo ndipo raha ilipoanza. Sijawahi kupanga kitu kwa raha vile tena, hata harusi yangu sikuipanga hivyo. Nyungo zitundikwe ukutani, kubwa chini, ndogo juu. Vikapu vining'inie darini ili mteja aingie navyo vimgongegonge kichwa, ajue vipo. Mikeka isimame pembeni imekunjwa, ule wa zambarau mbele. Bibi alitaka mtungi wa maji mlangoni kwa ajili ya wapita njia. Mimi nilitaka kitanda cha kuonyeshea mkeka. Akasema kitanda dukani ni aibu, watu watasema nini. Tukabishana mpaka ndege wakashuka kundi zima upande wa mtoni, wakala wanavyotaka, nasi tumesahau kupiga debe. "Hooo! Hooo!" bibi akapiga mayowe, akarusha udongo, akageuka kwangu. "Na kiti je? Mimi nitakaa wapi?"

Jirani yetu alikuwa Msukuma, amehamia bondeni na ng'ombe wake, mrefu huyo hujapata kuona. Naye tukamshirikisha. Akaahidi maziwa mgando siku ya kufungua, na akacheka kwamba sasa Wandamba kama sisi wanataka kuwa matajiri bila ng'ombe. Bibi akamjibu kwamba ng'ombe wake wangekuwa na akili wangemkimbia. Walipendana sana wale.

Kuhusu jirani huyu ngoja nikueleze kitu, maana ndipo kosa langu lilipozaliwa. Mikeka kwetu ilipimwa kwa pima. Unashika ncha ya ukili kwa vidole vya mkono huu, unanyoosha mikono yote miwili mpaka kifua kinatuna, ukomo wa vidole vya mkono wa pili ndio pima moja. Sasa mteja mjanja akiagiza mkeka wa pima mbili, haji peke yake siku ya kuuchukua. Anakuja na mwenye mikono mirefu kuliko wote nyumbani kwake! Nimeona watu wakija na mashemeji. Nimeona mtu akija na mlinda mlango wa timu ya mtaa. Jirani yetu yeye hakuhitaji kuja na mtu, mikono yake mwenyewe ilitosha kumfilisi bibi, na kila akija bibi alimzuia mlangoni, "Hapa inapimwa pima yangu! Ya kwako kapimie ng'ombe!" Pima ya bibi ilijulikana mtaa mzima, haipungui wala haizidi.

Tulipovuna, fundi akaja na baiskeli. Mianzi ilikuwa imeshushwa na lori kutoka Sanje, nyasi za kuezekea jirani kazileta kwa mkokoteni wa ng'ombe. Fundi akauliza vipimo. Bibi mikono yake ilikuwa ndani ya rangi mpaka kwenye viwiko. Mimi nikarukia. Nilikata ukili mrefu, nikapima pima mbili za urefu, nikafunga fundo. Nikapima pima moja ya upana, nikafunga fundo jingine. Mlango nikaupima kwa kunyoosha mkono juu kabisa, nimesimama kwa vidole vya miguu, maana nilitaka mlango mrefu wa heshima. Nikamkabidhi fundi ukili wangu kama mkubwa wa ofisi anavyokabidhi faili. Kila kitu nilikifanya sawasawa. Kitu kimoja tu sikukifikiria, mikono yenyewe.

Walijenga siku mbili, nami niko shule. Siku ya pili nilimbembeleza mwalimu wangu aniandikie kibao, yeye alikuwa na mwandiko mzuri na mabaki ya rangi nyekundu. Akauliza duka ni la nani. Nikasema, la bibi na mimi. Akaandika hivyohivyo, DUKA LA BIBI NA MIMI, akatabasamu, na mimi nikatoka mbio na kibao kifuani, rangi bado mbichi, sare yangu imeharibika na sijali.

Nilipofika kwenye kona nikasimama.

Niliona banda la kuku. Haki ya nani, ndivyo nilivyofikiri, kwamba fundi ameanza na banda la kuku. Kisha nikaona nyasi mpya, nikaona mtungi wa maji mlangoni. Nikaelewa. Nikatazama mikono yangu miwili iliyoshika kibao, vijikono vile vyembamba, nikanywea. Nyungo kumi na mbili, mikeka, vikapu, kitanda changu cha aibu, vyote nilivyovipanga juu ya dungu msimu mzima, vingeingia wapi humo? Nilikuwa na nafasi moja tu ya kumpa bibi duka kabla sijaondoka, na nimeiharibu kwa kimbelembele changu.

Kana kwamba haitoshi, jirani akatokea na kibuyu chake cha maziwa, kavaa shati la sikukuu. Akainama mlangoni, akainama tena, akapenyeza bega, akasahau akajiinua, kichwa kikatokea juu ya paa katikati ya nyasi! Watu wa barabarani walisimamisha baiskeli. Yeye kule juu anageuka huku na huku, anasema kwa upole wote, "Bibi, duka zuri. Linaonekana mpaka mtoni."

Mtaa mzima uliangua kicheko. Mimi nikaangua kilio.

Bibi alimsubiri jirani atolewe, fundi akarudishia nyasi. Kisha akaingia yeye, mfupi na mgongo wake uliopinda, mlango ukamkaa kama umeshonwa kwa ajili yake. Akaketi chini, akanyoosha goti lake. Akaniambia nimpe nyungo. Nikampa moja, akainua mkono akaitundika bila kunyanyuka. Akaniambia nimpe kikapu. Akakifikisha darini bila kunyanyuka. Mkeka, shazia, kata ya maji, vyote alivifikia palepale alipokaa. Akanyoosha mikono yote miwili, mkono huu ukagusa ukuta huu, ule ukagusa ule, na viwiko vikabaki vimepinda kidogo. Akacheka kicheko kirefu cha msichana.

"Sinyanyuki!" aliita. "Mnaona? Goti limestaafu!"

Nyungo zilizozidi tulizitundika nje, na zikaonekana vizuri zaidi. Kuanzia siku hiyo mpaka mwezi wa kwanza nilifurahi kuliko nilivyojua mtoto anaweza kufurahi. Nikitoka shule nakaa mlangoni, maana ndani tusingeenea wawili bila kukunja miguu, nasuka ukili wangu mbovu, bibi anaufumua na kunirudishia. Wateja wakipita wanakisoma kibao kwa sauti, kisha wanatuuliza, "Mimi ndiye nani?" nami najibu kwa kiburi. Baba alipokuja kunichukua hapakuwa na kusindikizana njiani. Bibi aliniaga akiwa amekaa dukani, anasuka. Nilipogeuka kwenye kona, alikuwa amenyoosha mikono yote miwili, nikadhani ananipungia.

Duka lile lilimfaa miaka mingi, nyasi zikibadilishwa na nguzo zikibadilishwa. Bibi alifariki nikiwa nimeshakuwa na watoto. Leo pale palipokuwa na ukindu wetu mtoni ni mashamba matupu, na mikeka inayouzwa sokoni ni ya plastiki, haina harufu yoyote. Jirani na ng'ombe wake walihama, sijui waliko. Debe, dungu, wale ndege na mayowe ya bibi, nikiwasimulia wanangu wanatazama simu zao. Kilichobaki ni ukili mmoja wenye mafundo, ambao shangazi aliukuta umetundikwa kwenye nguzo ya duka, akanitunzia.

Nilikuwa nao kwenye pochi siku ile kiwanjani. Nikamwonyesha fundi. Akavua miwani, akaushika, akavuta fundo kwa kidole.

"Unajua kwamba bibi yako nilimwambia?" akasema.

"Ulimwambia nini?"

"Kwamba kipimo ni cha mtoto. Nilimfuata mapema tu, wewe uko shule. Nikamwuliza, bibi, nirekebishe? Akasema, unanifundisha pima mimi? Nimepima ukili tangu hujazaliwa, nishindwe kuijua mikono ya mjukuu wangu? Akasema, 'Usiguse. Jenga hivyohivyo. Mwezi wa kwanza wananichukulia mtoto. Nataka nikikaa humu nikinyoosha mikono, niguse pale alipofika yeye.'"

Bodaboda ziliendelea kupita. Miaka yote hiyo nilisimulia hadithi ya kosa langu, nikichekesha watu kwenye sherehe, kumbe kosa halikuwepo. Nililia pale pale barabarani bila aibu, na fundi wa watu akageuka akajifanya anapima uzio.

Nilipomaliza nikamwambia duka kubwa alijenge kwa tepu, kama ramani inavyosema. Ila kule mbele, panapoangalia barabara, nataka kijumba kidogo cha mianzi cha kukaa mimi na kazi yangu. Nikampa ukili.

Akauangalia ukili, akaniangalia mimi, kuanzia juu mpaka chini, bila haraka. "Dada yangu, na mwili wote huo? Utaenea humu?"

"Nitakunja miguu," nikamwambia. "Usiguse. Jenga hivyohivyo."