Nililinda Shamba Tupu

Ndege wa ulezi hawana adabu. Ukiinama kufunga nguo, wameshatua. Ndiyo maana pale kijijini Hasamba kila mke alikuwa na dungu lake shambani, jukwaa la miti lenye paa la nyasi, akashinda humo tangu alfajiri na debe lake la kugonga.

Mimi nilikuwa na dungu na sikuwa na mume. Yaani nilikuwa naye, ila alikuwa amevuka Tunduma kwenda kuchimba shaba ng'ambo. "Mavuno mawili tu, nitarudi," alisema. Ya tatu yakapita. Mtoto Mungu hakutujalia. Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na mama mkwe, naye si mtu wa maneno. Siku nyingine sauti pekee niliyoisikia ilikuwa yangu mwenyewe, nikifukuza ndege.

Bangi ilianza kwa jino. Bibi wa shamba la jirani alinihurumia, akanipa kiko chake. "Vuta kidogo, mwanangu, litanyamaza." Likanyamaza. Lakini na upweke nao ukanyamaza, jamani! Ile saa ya adhuhuri iliyokuwa haisogei ikapita bila kuniuma. Jino lilipona wiki ile ile. Mimi nikaendelea kulisingizia mwezi mzima, nimeshika shavu.

Kisha nikajiwekea sheria: navuta jua likiwa utosini tu. Basi jua nalo likaanza kufika utosini mapema! Jumapili nikamwambia mama mkwe siendi kanisani, ndege hawajui Jumapili. Nami nilipenda kuimba, mno. Ila mara za mwisho nilipokwenda kanisani nilikuwa nawaza kiko tu, nikimchukia mhubiri kwa urefu wa maneno yake.

Tukavuna. Ulezi ukaingia ghalani, na mimi bado nadamkia dunguni. Mama mkwe akaniuliza, "Hao ndege wako siku hizi wanakula nini? Mabua?" Nikamjibu vibaya, mimi ambaye sikuwahi kumjibu. Ilikuwa hasira ya mwizi aliyeshikwa.

Mchana mmoja nikamwona mtu kwa mbali, sanduku la bati kichwani. Nikaujua mwendo kabla ya uso. Kwetu mume wa safari hupokelewa njiani. Mke hukimbia na vigelegele, akamtua mzigo. Nami kiko nilikuwa ndiyo kwanza nimekiwasha. Nikajisemea, nimalize kwanza, si anakuja nyumbani tu? Miaka yote ile nimemlilia, na alipofika nilimwona kama mtu aliyenikatiza.

Nilipofika nyumbani alikuwa amekaa mlangoni, anakunywa maji aliyopewa na mama yake.

"Nilikupigia mluzi pale chini ya dungu," akasema. "Hukunisikia?"

"Sikusikia."

Mama mkwe akatazama pembeni.

Kesho yake akachukua shoka, akasema shamba limeshavunwa, twende tubomoe dungu tupate kuni. Nikaangua kilio palepale. Akalitupa shoka, akanishika bega, machozi yanamlenga. "Basi, mke wangu, basi. Nimesharudi."

Nami nilikuwa nakililia kifurushi cha bangi nilichokificha kwenye nyasi za lile paa.